Kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa zinatoka matope: kosa liko wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara na ninajifunza kuchora kwa rangi za maji. Nimeuchora Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani mara nne kwa kufuata picha niliyopiga kwa simu. Mara zote nne kuta zimetoka rangi ya matope, matao yameegemea kama yanataka kuanguka, na minazi imekuwa ya kijani cha plastiki. Natumia rangi za boksi za wanafunzi na karatasi ya manila. Mwanzoni mwa Julai nitakwenda kuchora palepale kisiwani. Je, ninunue rangi mpya, au kuna jambo ninalokosea?

JIBU: Mwalimu, kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua karatasi. Rangi zako zina lawama, ila ndogo. Manila haikutengenezwa kubeba maji. Ukiilowesha mara ya pili nyuzi zake zinanyanyuka, rangi inazama kati ya nyuzi hizo, na brashi ikirudi pale inakoroga nyuzi pamoja na rangi. Hayo ndiyo matope unayoyaona, na hata rangi za bei kubwa zingefanya vilevile juu yake.

Sababu ya pili ni kwamba unaupaka ukuta rangi ya kahawia kwa kuwa unajua ni wa mawe ya zamani. Ukuta wa matumbawe na chokaa kwenye jua la pwani ni mweupe uliochakaa. Mwanga wake unatoka kwenye karatasi yenyewe, na kazi yako ni kupaka kivuli chake tu. Ukilishika hili, mengine yote ninayoeleza hapa chini yatakuwa ni mbinu za kulitimiza.

Tuanze na ukuta wenyewe, maana mchoraji asiyejua ukuta umejengwa kwa nini huishia kuchora matofali. Kuta za Kilwa zimejengwa kwa vipande vya matumbawe visivyo na umbo moja, vikashikwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo, kisha zikapakwa lipu ya chokaa. Kwa hiyo hakuna mistari ya matofali ya kuchora. Kuna sehemu ambako lipu bado imeshika, na hapo ukuta ni laini na mweupe zaidi. Pale lipu ilipobanduka, matumbawe yanaonekana yana matundu na rangi ya kijivu yenye joto kidogo la manjano. Kisha kuna michirizi myeusi inayoshuka kutoka juu. Hiyo ni kuvu na mwani mdogo unaoota mahali maji ya mvua yanapopita, na huanzia kwenye ufa au ukingo, ikififia kadiri inavyoshuka. Ukichora mchirizi unaoanzia katikati ya ukuta bila sababu, jicho la mtu wa pwani litakukamata mara moja.

Jengo lenyewe ni la vipindi viwili, na jambo hilo linagusa picha moja kwa moja. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya kale, ya karne ya 11 hadi 12. Ile ya kusini, yenye matao na kuba, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, miaka michache kabla msafiri Ibn Battuta hajafika Kilwa mwaka 1331. Leo ya kaskazini haina paa, na mwanga unaingia kutoka juu hadi sakafuni. Ya kusini ina sehemu kubwa iliyofunikwa, kwa hiyo ndani kuna giza la kweli. Wanafunzi wengi hupaka kila mlango na kila tao kwa weusi uleule. Angalia kwanza tao linafungukia wapi. Likifungukia penye paa, weka giza. Likifungukia penye uwazi, utaona nyuma yake ukuta mwingine uliopigwa na jua, tena pengine mweupe kuliko ule wa mbele. Tofauti hiyo peke yake itafanya jengo lionekane lina kina.

Sasa jua, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Julai ina mtego wake.

Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na longitudo yake inakaribiana sana na ya Makka. Kwa hiyo kibla ni kaskazini, karibu kamili. Ukishauona mihrabu, yaani kile kishimo cha ukutani kinachoonyesha kibla, dira umeipata: uko kaskazini, mlango wa mashariki uko kuliani kwako ukiutazama. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua huchomoza kaskazini mwa mashariki, hupita upande wa kaskazini na kuzama kaskazini mwa magharibi. Maana yake, Julai nzima upande wa kusini wa jengo haupati jua la moja kwa moja hata dakika moja. Ukisimama kusini ukautazama, utaona ukuta mzima umekaa kivulini huku anga nyuma yake ikiwaka. Ni picha inayowezekana, lakini kwa anayeanza ni ngumu.

Nakushauri usimame kusini-mashariki asubuhi. Utaona pembe ya jengo: upande wa mashariki una jua, wa kusini una kivuli, na mstari unaotenganisha viwili hivyo ndio uti wa mgongo wa picha yako. Alasiri hamia kusini-magharibi, hali itakuwa ileile kwa kinyume. Saa mbili na nusu asubuhi mwanzoni mwa Julai jua liko chini, na kivuli cha nguzo kina urefu wa zaidi ya mara mbili ya kimo chake. Kufika saa nne kivuli kimefupika kikalingana na kimo. Saa sita na nusu kimebaki kama sita ya kumi ya kimo, na ukuta umepauka, hauna la kusema. Basi una dirisha la saa moja na nusu hivi. Jua husogea nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo dakika kumi za mwanzo chora mipaka ya vivuli kwa penseli na uishike hiyo hadi mwisho. Anayekimbiza kivuli kinavyohama humaliza na jengo lenye jua mbili.

Kuhusu matao yanayoanguka: hilo ni kosa la simu kabla ya kuwa lako. Ukiwa karibu na ukuta mrefu, unaiinua simu iangalie juu ili jengo lote liingie, na mistari ya wima inakimbiliana kuelekea juu. Jicho lako likiwa pale hulirekebisha jambo hilo bila wewe kujua, karatasi hailirekebishi. Kama ni lazima upige picha, rudi nyuma, ishike simu wima kabisa hata kama nusu ya chini itajaa ardhi, kisha uikate baadaye. Palepale kisiwani, sheria ni fupi: kila kilicho wima kwenye jengo kiwe wima kwenye karatasi. Pima wima huo kwa penseli iliyoning'inizwa kwenye uzi. Kuta za kale huwa zimeinama kiasi, lakini inamisha ule ulioupima ukakuta umeinama, usiinamishe zote.

Kabla ya tao lolote, weka mstari wa usawa wa macho yako. Ukikaa chini, uko kimo cha mtoto mdogo. Ukisimama, ni kimo cha mtu mzima. Mistari mlalo iliyo juu ya macho yako hushuka kadiri inavyokwenda mbali, ile ya chini hupanda, na yote hukutana kwenye mstari huo. Ukiweka mtu mmoja karibu na mlango ili kuonyesha ukubwa wa jengo, nawe umechora umesimama kwenye ardhi tambarare, kichwa chake kitagusa mstari huo hata awe mbali kiasi gani. Ni kipimo kizuri na cha bure.

Tao lililo kwenye ukuta unaokwenda mbali lichore hivi. Kwanza chora kisanduku chake, yaani nguzo mbili za pembeni, mstari wa chini, na mstari wa juu unaogusa ncha, yote yakifuata mwelekeo wa ukuta. Piga mistari miwili ya kukatiza kona kwa kona. Inapokutana, simamisha mstari wa wima, na ncha ya tao itakaa juu ya mstari huo. Utaona kwamba nusu iliyo karibu nawe ni pana kuliko ya mbali. Wengi huziweka sawa, na hapo ndipo tao linapoonekana limesukumwa. Kisha unene wa ukuta: ukilitazama tao kutoka ubavuni, unene unaonekana kwenye nguzo iliyo mbali nawe, na chini ya mviringo wa juu. Ule wa karibu umejificha. Matao ya Kilwa yana ncha, si nusu duara, kwa hiyo chora mikunjo miwili inayokutana na usiilainishe juu.

Nguzo za pembe nane ndani ya sehemu ya kusini huwatoa watu jasho bure. Ukiitazama moja uso kwa uso, na pembe zake zikiwa sawa, unaona nyuso tatu: wa mbele ni kama asilimia 41 ya upana wote, na kila wa ubavuni ni 29. Nguzo yenye upana wa milimita 24 kwenye karatasi igawe 7, 10, 7. Kisha kila uso upe giza lake moja: wenye mwanga uache, wa mbele tabaka moja, wa kivulini matabaka mawili. Usizipake nguzo hizi kwa mpito laini kutoka mwanga hadi giza, utazigeuza mabomba.

Kuba zisikusumbue. Ukiwa chini, karibu na jengo, ukingo wa paa huficha sehemu yao ya chini, na kinachobaki ni kofia ya chini tu. Chora kofia hiyo, usiongeze nusu ya mpira kwa kuwa unajua ipo.

Vifaa sasa, kwa haraka. Karatasi iwe ya pamba tupu, gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso wa mparuzo wa kati. Karatasi nzima huwa sentimita 56 kwa 76. Ikate nne upate 28 kwa 38, ukubwa unaomalizika kabla jua halijahama. Karatasi za gramu 300 zilizotengenezwa kwa rojo la mbao zafaa kwa mazoezi, ila hukauka haraka juu na tabaka la pili huyeyusha la kwanza, kwa hiyo utapiga brashi mara chache zaidi. Karatasi nzuri imepakwa gundi maalumu inayozuia maji yasizame, na joto lenye unyevu la pwani huiharibu gundi hiyo polepole. Karatasi iliyokaa wazi kabatini Mtwara masika mazima inaweza kunywa rangi kwa madoadoa kama karatasi ya kukaushia wino. Ijaribu kwenye kona: tone la maji likikaa juu ni salama, likizama papo hapo na kuacha doa jeusi, itumie kwa penseli. Ihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Isikunjamane: ilowe kwenye beseni la maji baridi dakika tano, ilaze kwenye plaiwudi nene ya milimita 9 au zaidi, ibane kingo zote kwa pini za stepla kila sentimita tano, kisha iache ikauke imelala kivulini usiku kucha. Ukiisimamisha ikauke, maji yatashuka upande mmoja na itakauka kwa mawimbi.

Rangi tano za tyubu zinatosha, na njia salama ya kuzinunua ni kusoma alama ndogo iliyochapwa ubavuni, maana majina hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda. Tafuta PY43 au PY42, manjano ya udongo iitwayo oka. Tafuta PBr7 iliyochomwa, siena yenye wekundu wa kutu. PB29 ni bluu ya altramarini, PB28 ni bluu ya kobalti kwa ajili ya anga, na PV19 ni waridi. Ukikuta tyubu ina alama tatu au nne, hiyo imeshachanganywa kiwandani. Ukiichanganya na nyingine yenye tatu unakuwa na rangi sita kwenye brashi moja, na matope umeyanunua mwenyewe. Rangi za boksi za wanafunzi huwekwa vijazio vyeupe vinavyozifanya zikauke zimefifia kama zimepakwa chaki. Jihadhari pia na rangi zilizotengenezwa kwa asali: kwenye unyevu wa pwani hazikauki kwenye paleti, yaani sahani ya kuchanganyia rangi, na sisimizi hawachelewi.

Brashi mbili za duara, namba 12 na namba 6, na moja bapa ya sentimita mbili na nusu. Makopo mawili ya maji, la kuoshea na la maji safi. Maji uyabebe, lita mbili. Usichote baharini: chumvi hubaki kwenye karatasi, huvuta unyevu wa hewa kila msimu, na picha haitakaa ikauke kweli. Kwa sababu hiyohiyo siupendi, kwa watu wa pwani, ule mchezo wa kunyunyiza chumvi ili kupata madoadoa ya ukungu wa mawe.

Sasa kazi. Jiwekee ngazi za giza kutoka 1, karatasi tupu, hadi 10, giza la mwisho. Ukuta wenye jua ni 2. Anga ni 3, na juu kabisa 4. Ukuta wa kivulini ni 5. Ndani ya tao lenye paa ni 8 au 9. Andika namba hizi kwa penseli kwenye mchoro mdogo wa ukubwa wa kiganja kabla ya kugusa karatasi kubwa. Utashangaa kwamba anga ni nzito kuliko ukuta wenye jua, na hapo ndipo weupe wa chokaa unapopatikana. Picha zako nne, bila shaka, zina anga jeupe na ukuta wa kahawia.

Anza na anga. Inua upande wa juu wa ubao kwa unene wa kitabu. Lowesha anga kwa maji safi, ufuate ukingo wa ukuta kwa makini lakini upite juu ya minazi bila kujali, kwa kuwa itafunikwa na kijani kizito zaidi. Subiri ule mng'ao wa maji upungue uwe kama uso wa yai. Kobalti yenye ukubwa wa punje tatu za choroko kwenye vijiko vitatu vya chai vya maji itatosha. Tayarisha nyingi kuliko unavyodhani, kwani ukiishiwa katikati hutaipata tena rangi ileile. Shuka kutoka juu kwa mistari mirefu, ukiongeza maji kuelekea chini. Mawingu madogo ya kusi yanyonye kwa tishu sasa hivi, bado mbichi. Kisha acha. Kabisa.

Utajua kama pamekauka kwa kugusa kwa mgongo wa vidole: karatasi ikiwa ya baridi, bado ina maji ndani hata kama haing'ai.

Tabaka la kwanza la ukuta ni jepesi mno: oka punje moja ya choroko kwenye vijiko viwili vya chai vya maji. Lipake juu ya ukuta wote, wa jua na wa kivuli, ukiacha vipande vikavu vya karatasi pale lipu inapong'aa zaidi. Kabla halijakauka, dondoshea hapa waridi kidogo, pale kijivu cha altramarini na siena. Dondosha uachie. Ukikoroga umerudi kwenye kahawia. Likiwa limekauka, chukua brashi yenye rangi nzito na maji machache, ilaze ubavu, iburute juu ya karatasi mahali matumbawe yalipo wazi: mparuzo wa karatasi utashika rangi vilimani na kuacha mabondeni, na matundu ya jiwe yatajichora yenyewe. Fanya hivyo mahali pachache. Ukuta wote ukiwa na matundu, jicho halina pa kupumzikia.

Kivuli ndicho kipande cha siku. Changanya altramarini sehemu mbili, siena moja, na PV19 chembe tu, iwe na uzito wa maziwa. Upake ukuta mzima wa kusini na kivuli kinachoanguka ardhini kama kitu kimoja, kwa namba 12, bila kunyanyua brashi ila kuchovya, kutoka juu hadi chini kwa mara moja. Altramarini ina chembe nzito zinazotuama kwenye mabonde ya karatasi na kuacha vumbivumbi linalofanana sana na jiwe. Zikishatuama, brashi ikirudi inazitibua na kuzisambaza, na kivuli kinakufa. Hii ndiyo njia ya pili ya kupata matope, na hutokea hata kwenye karatasi bora. Wakati kivuli bado kibichi, ongeza siena chini karibu na ardhi na chini ya mviringo wa matao. Mchanga wenye jua hurusha mwanga wa joto juu, kwa hiyo sehemu ya chini ya tao inayotazama ardhi huwa na uwekundu na huwa nyepesi kuliko ukuta wa kivuli ulio juu yake. Ni jambo dogo, lakini bila hilo tao linakuwa shimo.

Giza la ndani ya tao lifanye kwa altramarini na siena zilezile, nzito kama uji, sawa kwa sawa. Usitumie rangi nyeusi ya tyubu. Liwe zito zaidi juu na lipungue kuelekea sakafuni. Likikauka limepauka, ni kawaida: rangi za maji hupoteza nguvu zikikauka, kwa hiyo kwenye giza thubutu mara ya kwanza badala ya kupaka mara tatu.

Michirizi myeusi ya kuvu iweke pale tabaka lilipo na unyevu kidogo tu, ili ukingo wake ulainike. Kumbuka sheria moja: brashi inayofuata iwe na maji machache kuliko karatasi. Ikiwa nayo mengi, maji husukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo zilizopinda kama ua. Likitokea angani, usilipiganie. Likauke, kisha lilainishe kwa brashi yenye unyevu na tishu. Likitokea ukutani, liache. Ukuta wa miaka mia saba unaruhusiwa kuwa na doa.

Minazi. Kijani cha tyubu ndicho plastiki yako, na simu nayo imeongeza chumvi kwa kukoleza rangi. Changanya oka na altramarini, kisha ivunje kwa siena hadi ikaribie kuonekana chafu kwenye paleti. Juu ya karatasi, kando ya ukuta wa kijivu, itaonekana kijani kamili. Makuti yanayopigwa na jua kutoka juu hurudisha anga, kwa hiyo yana weupe wa bluu. Yale unayoyaona kwa chini, jua likipenya, ndiyo ya manjano. Chora kuti kwa kuanzia kwenye uti wake na kuivuta brashi nje haraka, si kinyume. Mbuyu usio na majani wakati huo wa kiangazi una kijivu kilekile cha ukuta. Utenganishe na jengo kwa ngazi ya giza, upe 4 au 5 mahali unapopakana na ukuta wa jua. Ardhi ipe tabaka moja la oka na siena, ukiacha mistari mikavu, basi.

Hatari moja ya kuchorea nje: usiweke karatasi juani. Mng'ao wake hulifanya jicho lione rangi ni nyepesi, unaongeza, na nyumbani unakuta picha nzito kama jioni. Kaa kivulini au chini ya mwavuli mweusi au mweupe. Mwavuli mwekundu utaipaka karatasi wekundu na hutajua. Julai kusi huvuma, kwa hiyo usitegemee mwavuli pekee. Banisha ubao kwa klipu na ukae chini.

Kibali cha kuingia magofuni kishughulikie Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na uulizie maji kujaa na kupwa, kwa sababu chombo kitakachokupeleka kinategemea hayo na jua lako la saa mbili halingoji. Lala Masoko usiku uliotangulia. Eneo hili limo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, na kati ya 2004 na 2014 lilikuwa kwenye orodha ya yale yaliyo hatarini. Usikalie kingo za kuta, usiegemeze ubao kwenye lipu, wala usimwage maji ya rangi humo. Ni msikiti, hata kama ni gofu: vaa ipasavyo, na mtu usimchore uso bila kumwomba.

Kabla ya safari, nenda Mikindani asubuhi mbili. Nyumba kuukuu za mawe na chokaa pale zina kila kitu cha kujifunzia: lipu iliyobanduka, michirizi, milango yenye kina. Fanya kivuli cha ukuta mmoja mara sita kwenye karatasi za ukubwa wa daftari, kila kimoja kwa pigo moja, bila anga wala mti. Ukifika Kilwa mkono utakuwa umeshajua.

Picha ikishakauka, iache siku mbili ndani kabla ya kuifunika kwa kioo. Weka fremu ya kadi kati yake na kioo ili visigusane, la sivyo unyevu utafungwa humo na kuvu itaota kwenye anga kwanza, ambako huonekana zaidi. Itundike kwenye ukuta wa ndani wa nyumba, usio wa kupigwa na mvua ya masika kwa nje, na nyuma ya fremu gundisha vipande viwili vya kizibo kwenye kona za chini ili hewa ipite.